Merikani ya Bi Khole

Khattab bin Murshid hakuwa na kazi, lakini alikuwa na namba ya gari, na Maskati namba nzuri ni kazi tosha. Mbili, saba, saba, mbili. Tarakimu nne tu, uzisome kutoka huku au kutoka kule ni zile zile. Alirithi kwa babake, ambaye hakuacha kitu kingine cha kugombewa. Gari yenyewe ilikuwa imechoka, viti vimepasuka na sifongo linachungulia nje, lakini viti huonwa na nani? Mtu akiona tarakimu nne kwenye kioo chake husogea, akidhani nyuma yake anakuja mkubwa wa wizara. Khattab akishuka polepole, kanzu imepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata tikiti, kofia imelala upande kidogo, basi hata kabla hajatoa salamu nusu ya uongo wake imeshaaminiwa.

Kwa namba hiyo aliishi vizuri. Aliwahi kuuza maji ya chemchemi ambayo chemchemi yake ilikuwa bomba la nyuma ya nyumba yao Sib. Aliwahi kuwauzia mabibi wa Sib hati za kurudishiwa mashamba yao ya Unguja, karatasi nene zenye mihuri mitatu, mmoja wa mihuri hiyo ukiwa wa duka la dobi. Hakuna aliyerudishiwa hata kisiki cha mkarafuu. Lakini hakuna aliyemshitaki pia, maana ni nani atakwenda mbele za watu kusema amedanganywa na mihuri ya dobi?

Asubuhi moja rejeta ya gari ilimfia akiwa mtaa wa Wadi Kabir. Fundi wa gereji alimwambia angoje saa mbili, na jua la Wadi Kabir si jua la kungojea mtu. Khattab akavuka barabara, akajitia ndani ya duka la fremu kwa sababu moja tu, kwamba lilikuwa na kiyoyozi.

Mwenye duka ni Mutasim, Mwomani aliyezaliwa Bujumbura, mtu mpole anayeongea huku misumari midogo imo mdomoni. Pembeni ya meza yake palisimamishwa picha bila kioo wala fremu. Picha ndogo, ya rangi za maji: kijiji chenye nyumba tano sita nyeupe, njia ya vumbi inayopinda, kilima cha kijani kilichofifia nyuma, na mawingu yaliyopakwa kwa haraka kama na mtu aliyesikia chakula kimeiva. Chini kwenye kona, kwa penseli: Orrin Pike, 1909.

Khattab hakujua chochote kuhusu picha. Alichojua ni kuhusu majina. Jina lililoandikwa kwa uzembe namna ile, akawaza, ni la mtu anayejua kwamba watu watahangaika kulisoma. Mutasim alipoinama kutafuta bisibisi, Khattab akaipiga picha kwa simu, akatoka nje kama anayekwenda kuangalia gari yake, akaitafuta.

Orrin Pike alikuwa Mmarekani. Alizunguka akichora vijiji kwa rangi za maji, akafa maskini kama inavyotakiwa, na sasa kazi zake zimebaki chache na matajiri wanazitafuta. Khattab akamwandikia muuza picha mmoja wa Dubai, akamtumia ile aliyopiga. Jibu lilikuja kabla rejeta haijazibwa. Kama ni ya kweli, mtu wa Dubai aliandika, naichukua. Na chini yake akaweka tarakimu ambazo mstari mmoja wa simu haukuzitosha.

Sasa hapa inafaa ieleweke kwamba Khattab alikuwa na kanuni, kama vile daktari ana kanuni na kadhi ana kanuni. Kanuni yake ilisema: kitu unachokitaka usikitazame, usikiguse, na jina lake lisitoke mdomoni mwako. Mwenyewe akitaje. Akikitaja yeye, ni yeye anayeuza. Ukikitaja wewe, ni wewe unayenunua, na anayenunua ndiye anayekamuliwa.

Kwa hiyo aliporudi dukani aliipa ile picha mgongo, akasifu picha kubwa ya Kaaba yenye taa zinazowaka na kuzimika. Akauliza habari za biashara, joto, watoto. Ndipo, kama kitu kilichomdondoka tu, akauliza wazee wa siku hizi bado wanaleta vitu vyao vya kale.

Mutasim akatoa misumari mdomoni. Alisema wanaleta, kama ile pale, ya Bi Khole binti Yaqoob, bibi wa Kizanzibari anayekaa Khuwair ya Kusini juu ya duka la dawa. Baba yake alikuwa karani wa Mmarekani mmoja mnunuzi wa karafuu, na Mmarekani alipoondoka alimwachia. Bibi ameagiza kioo maalumu cha kuzuia jua, ghali kuliko fremu yenyewe, na hakijafika.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini bibi kizee aagize kioo ghali kwa picha ya kijiji. Khattab aliona ni wazimu wa uzee tu.

Siku mbili baadaye alipita mbele ya duka, akachungulia. Pembeni ya meza hapakuwa na kitu. Bibi ameshaichukua, akawaza. Kuuliza hakuuliza. Kanuni ni kanuni.

*

Bi Khole alikuwa mwanamke mrefu, mweupe wa nywele, anayekaa wima kama anayepigwa picha. Nyumba yake ilinukia udi na samaki wa kukaanga. Sebuleni palikuwa na mjukuu wake Afra, msichana wa kazi ya benki, aliyekuwa amerudi kula chakula cha mchana. Na ukutani palikuwa na msumari mtupu, na chini ya msumari alama ya mraba iliyo nyeupe kuliko rangi nyingine. Khattab aliiona mara moja, akaondoa macho yake kama aliyeona mke wa mtu.

Alijitambulisha kuwa ni wa Lajna ya Kumbukumbu za Watu wa Sawahili. Kamati hiyo ilizaliwa kwenye ngazi, alipokuwa akipanda. Alisema wanakusanya vitu walivyokuja navyo wazee kutoka Unguja, kabla vijana hawajavitupa. Aliposema vijana alimtazama Afra kwa huruma.

Bi Khole alimkaribisha kahawa. Kabla ya kukaa alikuwa amesimama dirishani, akitazama chini barabarani, akitazama kwa muda mrefu kidogo. Kisha akaja akakaa.

"Vya kale," akasema. "Vingi vilibaki kule, mwanangu. Nlitoka na cherehani, ikafa. Nlitoka na birika la marehemu mama, hilo unalonywea. Na merikani yangu. Basi."

Macho yakamtoka Khattab: picha ya Mmarekani ingeitwa nini kingine?

"Merikani," akasema taratibu. "Bado unayo?"

"Nnayo. Haijaingia nondo hata siku moja."

"Haijafifia?"

"Ififie na nini? Jua haliioni. Iko ndani, imefungwa."

"Nayo ni kubwa kiasi gani, bi mkubwa?"

Bi Khole akajitazama kutoka mabegani hadi miguuni. "Inanitosha," akasema.

Khattab alilichukua hilo kuwa jibu la mtu aliyekinai dunia. Akauliza, kama asiyejali, iwapo angeweza kuiachia Lajna.

"Ile siachii mtu. Ile nnakwenda nayo kaburini."

Afra alipaliwa na maji. Akainuka, akaenda jikoni, na huko akakohoa kwa muda.

Ni wakati kama huo ndipo ustadi wa Khattab ulipokuwa ukionekana. Alivuta kiti mbele. Alimwambia kuwa kukifukia kitu kama hicho ardhini ni kuwadhulumu watu. Kuna watoto wa Kizanzibari waliozaliwa Maskati ambao hawajawahi kuona kitu kama hicho kwa macho yao. Bi Khole atamjibu nini Mola kwa kukificha?

"Unataka watu waione merikani yangu?" akauliza Bi Khole.

"Wote. Wanafunzi, wageni, mabalozi."

"Na mtaitundika?"

"Ukutani, bi mkubwa. Na taa ndogo juu yake."

"Laa ilaaha illa Llah. Na jina langu?"

"Litaandikwa chini yake. Kiarabu na Kiingereza."

Bi Khole alivuta tasbihi, punje moja, punje moja. Kutoka jikoni kikasikika kitu kama kikombe kilichoanguka na mtu aliyeuma kitambaa.

Khattab akaona amelegea, akaanza kutoa ahadi. Alimpa Kaaba yenye taa. Bi Khole akasema anazo mbili, na moja imeshamuunguzia fyuzi. Alimpa zulia. Akasema linamchosha kufagia. Alimpa fedha, kidogo kidogo, kwa aibu kama mtu anayetoa sadaka, na Bi Khole akasema mtu wa umri wake fedha ni za kugombanisha watoto tu.

"Gari ile chini ni yako?" akauliza.

"Yangu."

"Namba yake nzuri. Mjukuu wangu yule, namba ya gari yake ndefu kama ya simu. Barabarani hakuna anayempisha. Anarudi hapa kila siku yuko karibu kulia." Akaweka tasbihi pajani. "Mpe namba hiyo, uchukue merikani. Mimi nitakwenda bila."

*

Khattab aliomba muda wa kufikiri. Alikaa ndani ya gari yake chini ya duka la dawa, akaweka mikono kwenye usukani.

Watu hawajui namba ile ilikuwa ni nini kwake. Alipofukuzwa kazi bandarini, namba haikumfukuza. Mke alipoondoka, namba ilibaki. Bila hiyo angekuwa mtu mfupi mwenye kanzu safi, na Maskati imejaa watu wafupi wenye kanzu safi. Kila alichowahi kuuza alikiuza kwa zile tarakimu nne, ulimi ulikuwa unakuja nyuma tu kufunga mlango.

Lakini mtu wa Dubai alikuwa ameandika tena: bado ipo? Na Khattab akapiga hesabu ya kichwani. Kwa picha ile angeweza kununua namba yenye tarakimu tatu. Kwa tarakimu tatu angeweza kuuza nini? Angeweza kuuza mlima.

Akapanda ngazi.

Karatasi aliiandika mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kuachia bibi kizee mwanya wa kujuta. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Ndio uliouza hati za mashamba. Akaandika kwamba mimi Khole binti Yaqoob, kwa ridhaa yangu na akili zangu, nimempa Khattab bin Murshid merikani yangu niliyokuja nayo kutoka Unguja, pamoja na kila kilichofungwa nayo, badala ya namba ya gari 2772. Hakuna kurudishiana. Mstari wa mwisho aliupigia mstari chini. Neno picha hakuliandika: mjukuu akilisoma angeuliza ni picha ya nani, na simu anayo mkononi.

Afra aliisoma kwa sauti, uso umekauka kama mtangazaji wa habari za misiba. Alipofika "kila kilichofungwa nayo" alisita, akameza mate, akaendelea. Wakatia saini wote watatu. Asubuhi yake wakaenda kuhamisha namba, na gari ya Khattab ikapewa tarakimu tano ambazo hata yeye mwenyewe alizisahau kabla ya kufika mlangoni.

Ndipo Bi Khole akamtolea bati la biskuti, lile pana la zamani, lililofungwa kwa uzi. Khattab alilifungua kidogo mbele yake, kwa adabu. Harufu ya kafuri ikampanda puani. Vizuri, dawa ya nondo. Akaona kitambaa kizito, rangi ya maziwa, kimekunjwa kwa uangalifu. Vizuri pia, imefungwa. Akabonyeza kwa kidole, akakuta kitu kigumu katikati, bapa, kama karatasi nene. Vizuri kabisa. Hakufunua zaidi, kwani anayefunua anaonyesha njaa.

"Utaitunza?" Bi Khole akamuuliza.

"Kama roho yangu."

"Hapo umesema," akajibu Bi Khole.

*

Alikwenda moja kwa moja Wadi Kabir. Njiani magari mawili yalimkata kwa makusudi na lori moja likampigia honi. Hakujali. Alitaka mtu mwenye mikono safi amfungulie, na mikono ya Mutasim ilizoea karatasi za zamani.

Mutasim alitandika karatasi nyeupe mezani, akafungua uzi, akainua kitambaa. Chini yake kipande cha ubao. Alikiweka kando. Chini ya ubao kitambaa kingine. Kisha kingine. Viligeuka kuwa vitano: shuka mbili, saruni, kanzu isiyo na mikono na mtandio. Katikati yake palikuwa na pamba, kichupa cha mafuta ya hal-udi na sabuni ambayo haijatumika.

Mutasim alirudi nyuma hatua moja. Akasoma kimoyomoyo, midomo inatikisika, halafu akamwuliza Khattab kwa sauti ya taratibu amefiwa na nani.

"Picha iko wapi?" akasema Khattab.

"Picha gani, kaka?"

"Ya Mmarekani. Ya Bi Khole."

"Ile?" Mutasim akavuta droo ya chini. Kijiji kilikuwa mle mle, nyumba zake nyeupe na njia yake ya vumbi, kimelala juu ya karatasi laini. "Niliiweka humu jua lisiiharibu. Kioo kimefika leo tu. Mjukuu wake anaijua sana habari ya huyo mchoraji, alisema hata mkono usiguse."

Khattab alitazama picha. Kwa mara ya kwanza tangu aijue aliitazama waziwazi, na ilikuwa nzuri kweli.

*

Bi Khole hakushangaa kumwona. Alimkaribisha kahawa kutoka birika lile lile. Khattab aliweka bati mezani, akasema kumetokea makosa.

"Makosa yapi? Umeomba merikani, nimekupa merikani. Hiyo ndiyo nguo yenyewe. Wewe mtoto wa wapi usiyejua merikani? Mabibi zetu wote walivaa hiyo, wakazikwa kwa hiyo. Ilikuwa inakuja marobota kwa marobota kutoka huko kwa Wamarekani, ndio ikaitwa hivyo. Wengine siku hizi wanataka bafta, eti laini. Mimi nliiosha kwa zamzam, nikaiweka."

"Nilidhani unasema..." akaanza Khattab, akanyamaza, kwani kumalizia ilikuwa ni kukiri.

"Nlijua ulidhani. Ulipoingia sikujua unataka nini, nikakutajia nlivyo navyo. Nlipotaja merikani macho yalikutoka. Nikajisemea, huyu hajui. Kiswahili chake cha jikoni, cha kuombea chumvi."

Khattab alisema dini haipendi hila. Bi Khole akatikisa kichwa kukubali, akauliza kama anamkumbuka Nadra binti Yaqoob, wa Sib.

Khattab alitafuta kichwani. Mabibi wa Sib walikuwa wengi.

"Mdogo wangu," akasema Bi Khole. "Shamba la Donge, mikarafuu mia mbili na nyumba ya mawe. Ulimpa hati, ukachukua bangili za mama yetu. Nlimuuliza, Nadra, umemwaminije mtu usiyemjua? Akanambia, dada, gari yake ina tarakimu nne, mbili saba saba mbili." Akanywa kahawa. "Alikufa ameilalia hiyo hati chini ya mto. Siku ile nlipotazama dirishani na nikaiona namba, nlikaa nisianguke."

Khattab alitua kikombe chake. Baadaye akasukuma bati mbele.

"Basi chukua sanda yako, bi mkubwa. Utazikwa na nini?"

"Afra ameshanunua bafta. Nimeishika, si mbaya, laini." Akalisukuma bati kurudi kwake. "Hakuna kurudishiana, umeandika mwenyewe na ukapiga mstari. Mwandiko wako mzuri, mashaallah. Na hiyo iweke, merikani ya kweli haipatikani tena. Mwanamme vipande vitatu vinamtosha. Mtandio utampa mtu."

*

Alijaribu kuiuza, lazima isemwe. Kwenye soko la Sib alieleza kuhusu zamzam, na kuhusu uzito wa uzi, na kuhusu baraka. Kila aliyelishika bati alilirudisha haraka na kwenda kunawa. Sanda iliyokatiwa mtu aliye hai hakuna anayeinunua, eti mnunuzi atamtangulia mwenyewe. Kuitupa hakuweza pia. Mara mbili alisimama mbele ya pipa la taka, na mara mbili mkono ukakataa. Mwishowe bati likawa linakaa kwenye kiti cha abiria, na likamzoea.

Siku moja alikuwa amesimama kwenye taa za Khuwair, amejipanga katikati ya njia. Simu ikalia: mtu wa Dubai anauliza, kwa mara ya nne, kama ipo. Khattab akalitazama bati. Ilikuwapo, bila shaka; ila si ile.

Nyuma yake kukapigwa honi, fupi, ya mtu anayejua atapishwa. Akainua macho kwenye kioo. Kigari kidogo chekundu, na kwenye bampa yake tarakimu nne zinazosomeka sawa kutoka huku na kule. Usukani umeshikwa na Afra. Nyuma yake, wima, bibi mwenye nywele nyeupe, na pajani mwake kitu cha mraba kilichofunikwa kwa shuka, ambacho kioo chake kilipenya pembeni na kumeta juani.

Khattab aliwahi kuona watu wengi wakisogea pembeni kwa ajili ya namba ile, akawacheka. Alishika usukani. Akasogea.